Mkono wa Kumpa Lugano Dawa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana watu wake bado wanakunywa chai asubuhi kama nyinyi, kulikuwa na nyumba moja kwenye milima ya Rungwe, upande ule ambao mvua haijui kuaga. Mvua inanyesha leo, inanyesha kesho, na siku isiponyesha ukungu unashuka, unakaa juu ya migomba mpaka mchana. Jua huko ni mgeni. Likitokea, watu hutoka nje kulitazama, na kabla hawajamaliza kuanika nguo limeshakwenda zake.

Katika nyumba hiyo waliishi watu wazima watatu. Alikuwepo Sekela, mke wa nyumba, mchuma chai katika mashamba ya jirani. Alikuwepo mumewe, Lusajo, dereva wa lori la ndizi kati ya Tukuyu na Mbeya. Na alikuwepo mama yake Lusajo, Bibi Subilaga, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na sauti ndogo ya upole ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuibishia.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Tumpe, msichana, na Tumpe alikuwa na matege. Miguu yake ilipinda kwa nje kama upinde. Akitembea anayumba kulia, anayumba kushoto, na watoto wenzake walikuwa wamempa jina la Bata. Tumpe alizaliwa majira ya baridi kali. Bibi Subilaga alisema, "Mfunikeni, baridi ya huku inaua," naye akafunikwa blanketi juu ya blanketi, akalelewa ndani, karibu na jiko, mpaka alipoanza kusimama. Miguu ilipopinda, wanawake wa kijijini walisema mama yake hakujua kumbeba mgongoni. Sekela aliwasikia. Angejibu nini? Aseme kwamba aliyeamuru mtoto afungiwe ndani ni mama mkwe? Alimeza maneno yale, na tangu hapo akazoea kumeza.

Lakini msimhukumu haraka yule bibi. Kila jioni alimkalisha Tumpe kwenye kigoda, akamkanda magoti kwa mafuta ya moto, akimwimbia. Na Sekela alimwona, mara nyingi, akipangusa macho kwa ncha ya kanga.

Kisha akazaliwa Lugano. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Sekela alimpeleka kliniki, na nesi alipowaona wote wawili, mchanga mgongoni na Tumpe akija nyuma anayumba, akatikisa kichwa.

"Huyu tusimwache apite njia ya dada yake," akasema nesi.

Akafungua kabati, akatoa kichupa kidogo chenye tundu dogo mdomoni, ukikiinamisha kinadondosha tone moja moja.

"Humu mna vitamini D," akasema. "Ndiyo ile ambayo mwili huitengeneza ngozi ikipigwa na jua, na kwenu jua ni la kubahatisha. Maziwa yako ni mazuri, endelea kumnyonyesha, lakini hii hayana ya kumtosha. Kwa hiyo tone moja, asubuhi, basi. Siyo mawili. Akicheua, usirudie. Ukisahau leo, kesho usimpe ya siku mbili. Na chupa ikiisha, au mtu akikuletea nyingine kutoka popote, uje nayo hapa niione kwanza. Chupa hizi hazifanani. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Hebu rudia."

Sekela akarudia neno kwa neno, mpaka nesi akacheka akamwambia nenda salama. Basi jueni hivyo: katika nyumba ile, aliyeambiwa kwa masikio yake mwenyewe alikuwa mmoja tu, Sekela.

Jioni, wakila ndizi, akawaambia wenzake. "Nesi kasema tone moja, asubuhi, basi."

Alitaka kuendelea, aseme na yale ya chupa nyingine, lakini Lusajo alikuwa ameshaanza habari ya tairi lililompasukia mlimani, na Bibi Subilaga alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya tairi hilo. Sekela akasema moyoni, nitawaambia kesho.

Kesho yake akampa Lugano tone moja. Keshokutwa, tone moja. Mtoto akalamba, akakunja uso, akacheka. Bibi Subilaga alikaa pembeni akitazama.

"Tone moja," akasema bibi siku moja, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe. "Hata ulimi halijalowesha. Na miguu ni miwili."

"Ndivyo alivyosema nesi, mama."

"Sawa, mwanangu. Mimi nimesema tu."

Msimu wa chai ukakolea. Sekela akawa anaondoka alfajiri akiwa ameshampa mtoto tone lake, anarudi mchana kunyonyesha, anakwenda tena. Lugano akawa anabaki na bibi yake. Na hapo ndipo Sekela alipoanza kuona mambo. Aliona mafuta ya kile kichupa yakimeremeta kwenye kona ya mdomo wa mtoto wakati si wa dawa. Aliona kichupa kinakuwa chepesi mkononi kabla ya wakati wake. Akajiambia labda kinavuja. Akakifuta, akakisimamisha kwenye bilauri, akatazama chini ya bilauri. Hakikuvuja.

Siku moja mvua ya mawe ikawafukuza wachumaji shambani. Sekela akafika nyumbani mapema, kalowa chapachapa, akachungulia mlangoni. Bibi Subilaga alikuwa amekaa kwenye kigoda, Lugano mapajani, kichupa mkononi. Alikuwa anadondosha na kuhesabu kwa Kinyakyusa, chini chini, na kila tone alilisindikiza kwa maneno yaleyale:

"Mungu, miguu tu. Sikuombi kingine. Miguu tu."

Sekela alisimama pale. Kama angemkuta mama mkwe ana hasira, angesema. Kama angemkuta anaiba sukari, angecheka. Lakini mtu anayeomba, unamwingiliaje? Akarudi nyuma mvuani, akakohoa kwa nguvu, akakung'uta miguu kizingitini, akaingia kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Pole na mvua, mwanangu," akasema bibi. Kichupa kilikuwa kimeshapotelea chini ya kanga.

"Asante, mama," akasema Sekela.

Akaenda kuvua nguo zilizolowa.

Kichupa kikaisha. Lusajo ndiye aliyekiinua asubuhi moja, akakitikisa sikioni.

"Kimekwisha tayari? Basi mwanangu hatakosa. Leo napita Mbeya."

Sekela alikuwa anafunga kanga mgongoni. "Baba Tumpe," akasema, "nesi alisema kwanza..."

"Nesi yuko mbali, na mimi nina lori. Utembee na mtoto kwenye tope hili kwa sababu ya kichupa? Niachie mimi."

Aliondoka anapiga mluzi. Alikuwa baba mwenye furaha, na jina la Bata lilimchoma kuliko alivyoonyesha. Jioni alirudi na kisanduku cha rangi ya dhahabu. Ndani mlikuwa na chupa kubwa kuliko ile ya kwanza, na juu yake kijibomba cha kioo chenye kichwa cha mpira cha kubonyeza, kina mstari ubavuni.

Sekela akaipokea, akaigeuza. Maandishi yalikuwa madogo kama chawa, na ya Kiingereza.

"Hii ni ileile?" akauliza.

"Vitamini D, si hiyo hapo imeandikwa? Tena hii ni nzuri zaidi. Unavuta mpaka mstarini, unampa. Mistari si imewekwa kwa kazi hiyo?"

"Ile ilikuwa tone moja."

"Ile ilikuwa ya bure," akasema Lusajo, akacheka, akambeba mwanawe. "Hii nimpe mwenyewe kila asubuhi kabla sijawasha gari. Na mimi nimlee mtoto wangu. Nimwone akikimbia."

Bibi Subilaga akapiga vigelegele kidogo. Tumpe akaruka ruka. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, na Sekela akatazama furaha ile, akatazama chupa, na maneno ya nesi yakamjia yote, wazi kabisa: mtu akikuletea nyingine, uje nayo hapa niione kwanza. Yakapanda mpaka mdomoni. Akayameza.

Ikawa hivi. Asubuhi, Lusajo anajaza kijibomba mpaka mstarini, anampa mtoto, anawasha lori. Mchana, Sekela akiwa kwenye chai, Bibi Subilaga naye anampa kidogo, kwa siri, na maombi yake. Sekela hampi kitu. Mkono wake ulikuwa mtupu. Alikuwa anatazama tu.

Haikupita muda Lugano akabadilika. Kwanza akawa hanyonyi kama zamani, anashika titi, analiachia, analia. Kisha akaanza kutapika. Choo kikawa kigumu, akawa anajikamua mpaka uso unabadilika rangi. Lakini mkojo haukukauka. Nepi zilikuwa zinalowa, zinalowa, kama mwili mzima wa mtoto unamiminika maji, na midomo yake huku imekauka. Yule mtoto mwenye sauti akawa kimya. Ukimwinua mkono, unaanguka.

"Ni meno," akasema Bibi Subilaga. "Meno ya juu huanza hivyo."

"Ni meno, mama," akasema Lusajo, maana alitaka yawe meno. Na asubuhi ile akajaza kijibomba, akampa, "apate nguvu".

Lugano akatapika juu ya mkono wa baba yake. Sekela aliona mafuta yakielea juu ya maziwa.

Akatoka chumbani na mtoto mgongoni, kanga ya pili kichwani, chupa ya dhahabu mkononi. Bibi Subilaga alikuwa mlangoni na kikombe cha uji.

"Unakwenda wapi na mtoto kwenye baridi hii?"

"Hospitali, mama."

"Sekela. Nimekwambia ni meno."

Sekela hakuwahi kumpita mama mkwe wake bila ruhusa. Siku ile alimpita. Alipita ubavuni kwake, uji ukamwagika, akatoka kwenye tope. Lusajo alipoona hivyo akawasha lori amfuate. Na yule bibi, baada ya kusimama kitambo na kikombe kitupu, akamwacha Tumpe kwa jirani, akavaa viatu vya marehemu mumewe, akapanda naye. Wakamkuta Sekela njiani, wakampakia, lori likashika njia ya Mbeya.

Hospitalini walipokelewa na daktari wa watoto, mama wa makamo aitwaye Kissa, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akaagiza damu ipimwe. Akaagiza maji ya mshipani. Majibu ya damu yalipokuja aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Kalsiamu imepanda kupita kiasi," akasema. "Mnampa dawa gani?"

Sekela akaiweka chupa mezani. Daktari akayasoma yale maandishi madogo, akaisogeza chupa karibu, akasoma tena.

"Hii ni ya watu wazima, tena iliyokolezwa. Mnampaje?"

"Mpaka mstarini," akasema Lusajo. "Kila asubuhi."

Daktari akakiinua kijibomba. "Baba, kijibomba kimoja cha hii kinabeba karibu kile ambacho mtoto huyu alitakiwa kukipata kwa mwezi mzima."

Lusajo akashika ukingo wa meza.

"Dukani waliniambia," akasema polepole. "Sasa nakumbuka. Yule dada alianza kusema, 'Hii siyo kama zile za watoto, ngoja nikueleze.' Nilikuwa nimeacha lori linanguruma barabarani. Nikamwambia najua, tunaitumia nyumbani. Nikachukua, nikaondoka."

Daktari akaanza kuandika. Na hapo Bibi Subilaga, ambaye hakuna aliyemuuliza, ambaye hakuna aliyemshuku isipokuwa mtu mmoja, akasimama kutoka kwenye benchi.

"Andika na mimi," akasema.

"Mama?" akasema Lusajo.

"Andika na mimi, daktari. Mchana nilikuwa nampa. Tangu kile kichupa cha kwanza. Niliona tone moja ni kidogo, nikaongeza. Kila siku. Walikuwa hawajui. Usihesabu ya mwanangu peke yake, utakosea."

Daktari akamtazama, akakata alichokuwa ameandika, akaandika upya. "Umenisaidia, bibi," akasema. "Nilikuwa naelekea kudhani sumu ni ndogo kuliko ilivyo."

Kisha akawaeleza. Mwili wa mtoto unahitaji vitamini hii ili ushike kalsiamu na kujenga mifupa, na nesi wao hakukosea kuitoa. Mtoto akikaa juani, mwili wenyewe unajua mahali pa kusimama. Lakini ya chupa haijui kusimama. Unachomwaga mdomoni chote kinaingia, na kinachozidi hakitoki na mkojo kesho yake, kinajificha kwenye mafuta ya mwili, wiki na wiki. Kalsiamu inafurika kwenye damu. Inamchosha moyo, inafunga choo, inamkausha maji, na mwisho inakwenda kutuama kwenye figo. "Dawa ni ileile," akasema. "Tone ni mifupa. Kijibomba ni hiki mnachokiona."

Sekela alikuwa amekaa, mkono wake juu ya mguu wa Lugano, mahali pasipo na sindano. Kila mtu alikuwa amesema lake. Angeweza kuondoka hivyo. Mkono wake haukuwa umejaza kijibomba, haukuwa umeficha kichupa chini ya kanga. Daktari alikuwa ameshaifunika kalamu.

"Mimi nilijua," akasema Sekela.

Wote wakageuka.

"Nilijua. Nesi aliniambia chupa hazifanani. Aliniambia nikiletewa nyingine nimpelekee kwanza. Akaniambia nirudie, nikarudia neno kwa neno. Na mama nilimwona. Siku ya mvua ya mawe nilikuona, mama. Nilisimama mlangoni nikakuona, nikarudi mvuani."

Bibi Subilaga akaweka kiganja mdomoni.

"Uliniona," akasema. "Ukaniacha?"

Sekela akauangalia mguu wa Lugano chini ya mkono wake.

Lugano alilazwa muda mrefu. Maji yaliingia mshipani, dawa za kushusha kalsiamu zikaingia, damu ikapimwa, ikapimwa tena. Maziwa ya ng'ombe yakapigwa marufuku, na daktari akamwelekeza Sekela namna ya kumlisha. Katika siku zile kila mmoja alifanya alichoweza. Lusajo alirudi kule dukani, akamtafuta yule dada, akamwomba msamaha mbele ya wateja, akamsihi asimwuzie tena mtu yeyote mwenye haraka. Bibi Subilaga alilala chini, kwenye mkeka, pembeni ya kitanda, akakataa kurudi kwa ng'ombe wake. Sekela alikaa na mtoto. Akitapika, alimfuta. Akilala, alimtazama kifua.

Na kuna asubuhi Lugano alishika titi, hakuliachia. Alinyonya mpaka akasinzia. Sekela alilia bila sauti ili asimwamshe, na mama mkwe wake, aliyekuwa ameona, akamshika bega. Ndiyo mara ya kwanza kugusana tangu siku ya uji.

Mtoto akapona, lakini hakupona kama mlivyotaka nyinyi wasikilizaji. Picha ya figo ilionyesha vipunje vyeupe vimetuama. Siku ya kuruhusiwa daktari Kissa akawaita wote watatu chumbani kwake.

"Huenda vikaisha akikua," akasema. "Huenda visiishe. Sitawadanganya. Kwa sasa anahitaji dawa hii ya maji kila siku, kwa muda mrefu, na kupimwa damu kila nitakapowaita. Vitamini D msimpe tena mpaka niseme mwenyewe. Na dawa hii ina kipimo chake." Akaweka mezani chupa ya kahawia na bomba dogo lisilo na sindano. "Ikipungua, vipunje vitaongezeka. Ikizidi, itamdhuru kwa namna nyingine. Kwa hiyo nataka mtu mmoja. Sitaki nyumba nzima, nataka mkono mmoja, nitakaoufundisha leo hapa, na wengine wawili mtaniapia kwamba hamtaigusa. Ni nani?"

Lusajo alisema wa kwanza.

"Mimi. Mimi ndiye niliyeleta ile chupa nyumbani, na mimi nasoma. Nitasoma kila herufi. Nitaacha safari za Mbeya, nitatafuta kazi ya karibu. Daktari, haraka yangu imekwisha. Nilipomwona mwanangu anashindwa kuinua mkono, iliisha."

"Wewe ulikuwa na macho ukakataa kusoma," akasema mama yake, bila ukali. "Ulikuwa na masikio, ukakatiza wanaokwambia. Ulimkatiza yule dada wa duka, ukamkatiza mkeo. Leo umeogopa. Mtoto akinenepa, ukasahau hofu, nani atakukumbusha?" Kisha akamgeukia daktari. "Mpe mimi. Ninashinda naye mchana kutwa. Nilikosea kwa kutojua, sasa najua. Na hakuna aliyenibana niseme. Nilisema mwenyewe, mbele ya mwanangu na mkwe wangu, katika umri huu. Nikikosea hata kwa tone, nitakuja kukuambia kwa miguu yangu."

"Mama," akasema Lusajo, "ulisema mtoto akiwa na sindano mkononi. Kabla ya hapo ulificha. Uliambiwa tone moja, ukaongeza kwa sababu moyo wako ulikwambia ni kidogo. Moyo wako ukikwambia tena, je?"

Bibi Subilaga akainamisha kichwa.

Sekela alikuwa anaangalia lile bomba mezani.

"Mimi mkono wangu haukukosea," akasema mwishowe. "Nilipompa, nilimpa tone moja. Sikuzidisha hata siku moja. Ni mimi niliyemtoa nyumbani mkisema meno. Nipeni mimi."

"Ni kweli," akasema Lusajo. "Mkono wako haukukosea. Lakini mimi sikujua, na mama hakujua. Aliyejua ni wewe. Neno moja tu lingenizuia, Sekela. Ungelipiga kelele. Ungelivunja chupa."

"Nilianza kukwambia."

"Ulianza."

Kisha Bibi Subilaga akasema, akimtazama Sekela:

"Mimi namwogopa huyu kuliko sisi wote, na ndiye ninayempenda kuliko wote. Atapima sawasawa, hilo najua. Lakini siku mkono wangu ukiisogelea ile chupa, mwanangu, utanishika? Au utarudi tena mvuani?"

Sekela akafungua mdomo. Alitaka kusema nitakushika. Aliyataka maneno hayo kwa moyo wake wote. Lakini alimtazama yule mzee, miguu yake kwenye viatu vya marehemu, macho yake mekundu kwa kulala chini sakafuni, na hakuwa na hakika. Alikuwa ameahidi moyoni mara nyingi kwamba atasema kesho.

"Daktari," akasema, "chagua wewe."

Daktari Kissa akatikisa kichwa.

"Mimi sitakuwepo jikoni kwenu," akasema. Akavuta bomba tupu, akalisukuma, hewa ikatoka. Akalishika juu ya meza, katikati ya mikono mitatu, akingoja. Na Lugano, mapajani kwa mama yake, akaunyoosha mkono wake mdogo kulishika, maana mtoto hushika kila kinachong'aa.

Hadithi yangu inafika hapo, wala siisogezi mbele hata hatua. Yupo aliyezidisha kwa mapenzi, akaficha, kisha akaungama kabla hajaulizwa. Yupo aliyezidisha kwa haraka, asisikilize, kisha akarudi kuomba msamaha kwa aliyemkatiza. Na yupo ambaye hakuzidisha kitu, aliyejua yote, akanyamaza kwa heshima na kwa huruma, kisha akausema ukimya wake wakati hakuna aliyeujua.

Daktari anangoja. Nyinyi mliokaa hapa, ambao nanyi mna watoto, na wakwe, na vichupa kabatini: mngekuwa nyinyi mmeshika lile bomba, mngeliweka kwenye mkono wa nani?